Kigari cha Bi Mbishi

Mlinzi wa kituo cha maziwa alikata roho asubuhi, na kabla muuguzi hajamaliza kumfunika shuka usoni, simu ya Inspekta ilikuwa inalia. Alikuwa Mkuu wa Kituo cha polisi.

"Sasa ni kifo," Mkuu alisema. "Si majeruhi tena. Mtuhumiwa tunaye, gari tunalo, shahidi tunaye. Funga jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo hii."

"Bado kuna mambo sijayaelewa, Mkuu."

"Utayaelewa baadaye. Wewe lifunge."

Inspekta alirudisha simu mfukoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na wenzake kazini walikuwa na utani wao kwamba akiambiwa mvua inanyesha hutoka kwanza nje akashike maji kwa mkono. Alitembea hadi mwisho wa korido, kwenye benchi la mbao alikokaa mjane. Mama huyo alikuwa hajalia. Alikuwa amekumbatia koti la mvua la marehemu mumewe, la manjano, lililokauka matope, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu na mwenyewe hajarudi.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Uliza unachotaka kuuliza."

Inspekta aliliomba koti, akalikunjua polepole. Upindo wa chini, upande wa kulia, ulikuwa umenyofolewa. Kipande kizima hakikuwapo, ukubwa wa kiganja.

"Hapa palichanika lini?"

"Siku aliyogongwa. Mchana ule nililifua mwenyewe nikalianika. Lilikuwa zima."

Inspekta alikumbuka mtaro alikookotwa mzee yule alfajiri, hoi, nusu mfu. Alikuwa ameupekua mtaro huo na nyasi za pande zote mbili. Kitambaa cha manjano hakukiona.

"Wanasema ni Bi Mbishi," mjane aliendelea bila kuulizwa. "Sijui. Mimi najua mume wangu alikuwa akisikia ule mlio wa kigari chake, anaacha hata chakula anakwenda kumfungulia geti la njia. Huniambia, 'Subiri, mke wangu, anakuja, anakuja taratibu kama bibi harusi.' Mtu wa namna hiyo atamgonga vipi mtu anayemfungulia geti kila jioni?"

"Taratibu?"

"Ndivyo alivyokuwa anasema."

Inspekta alimrudishia bega la koti ashike kidogo, kisha akamweleza kwa upole kwamba lazima aondoke nalo, ni la ushahidi. Mama akaliachia, lakini si mara moja.

*

Kigari chenyewe kilikuwa kimeegeshwa nyuma ya kituo cha polisi, kimezungushiwa utepe kana kwamba kina ugonjwa wa kuambukiza. Kilikuwa cha kijani. Viti viwili ubavu kwa ubavu, usukani kama wa gari la kawaida, hakina milango wala vioo. Paa limeshikwa na mabomba ya chuma, na nyuma kina bodi fupi ya kubebea mizigo. Tairi zake zilikuwa na kashata nene, meno ya mpira ya kung'ang'ania mlima wenye utelezi. Tangu kifike eneo lile, watu walikipa majina yote, kaa, mende, kitanda cha chuma, ila mwenyewe alikiita kigari tu.

Konstebo, kijana mnene aliyekuwa dereva wa Inspekta na mkono wake wa kulia, alihesabu ushahidi kwa vidole.

"Taa ya kushoto imevunjika. Kwenye bodi kuna damu. Alama za tairi kule kwenye kona zinafanana na hizi, kashata kwa kashata. Halafu, Afande, hakuna kigari kingine kama hiki huku kwetu. Mwenyekiti wa chama cha maziwa kasema alimwona kwa macho yake."

"Mtu akigongwa kwa mbele, damu inarukia kwenye bodi ya nyuma?"

Konstebo alitazama mbele ya kigari, akatazama nyuma.

"Labda alimpakia."

"Akampakia, halafu akamshusha palepale kwenye mtaro?"

"Basi labda si hivyo."

"Na vipande vya kioo cha taa, uliviona kule?"

"Hapana. Ila wewe ndiye uliyetambaa kwenye nyasi, Afande. Mimi nilishika tochi tu."

"Sikuviona hata mimi. Mlete mama wa watu kwenye chumba cha mahojiano."

Bi Mbishi aliingia wima. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mabega mapana, bado amevaa viatu vya mpira vyenye samadi iliyokauka. Walimkamata sokoni akiwa amebeba madumu matupu ya maziwa, mbele ya kila anayemjua. Inspekta alimwonyesha kiti.

"Nitasimama. Nikikaa mtaandika kwamba nimenyong'onyea."

"Mlinzi amefariki leo asubuhi, dada."

Kwa mara ya kwanza uso wa mama yule ulilegea. Alishika ukingo wa meza. Kisha akavuta pumzi, akauachia.

"Mungu amlaze pema. Alikuwa mtu. Sasa niulize."

"Taa ilivunjikaje?"

"Fahali wangu aliipiga pembe. Nendeni mkamtazame, pembe yake ina rangi ya kijani mpaka leo."

"Damu?"

"Ndama. Ng'ombe alizaa kwa shida wiki iliyopita, ndama nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Akafia njiani. Daktari yupo, mpigieni."

Inspekta alimtazama Konstebo, naye akatoka na simu yake. Alirudi baada ya muda mfupi, akatikisa kichwa kukubali. Daktari alimkumbuka mama, na hata siku yenyewe aliikumbuka.

"Juzi jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Ng'ombe wangu watatu walikuwa na homa, sikushuka mjini. Shahidi sina, ng'ombe hawaandikishi maelezo."

"Shemeji yako, Mwenyekiti wa chama cha maziwa, anasema alikuwa amesimama juu ya kilima akakuona ukishuka kama mshale, ukamgonga mlinzi kwenye kona, ukaenda zako."

Bi Mbishi alicheka, kicheko kikavu.

"Shemeji yangu haachi kuniona tangu kaka yake afe. Aliniona nikilima peke yangu, akasema shamba ni la ukoo, nirudi kwetu. Aliniona nikinunua kigari, akasema nimerogwa. Unajua kwa nini nilikinunua? Lori la chama linaishia chini ya kilima, na yeye ndiye anayeamua leo lipokee maziwa ya nani. Yangu yalikuwa yanaganda kwenye madumu huku ananitazama. Nikaenda kwa muuzaji. Akanionyesha kigari kwenye sakafu yake ya vigae, anakifuta na kitambaa. Nikamwambia, vigae mimi sina. Kijaze mawe, twende ukanipandishie kwenye mlima wa kwetu. Kikipanda nanunua, kisipopanda nakuachia mawe. Kikapanda. Tangu siku ile maziwa yangu yanafika mjini bila ruhusa ya mtu."

"Kumbe ndiyo chanzo."

"Chanzo cha nini? Mimi simtuhumu mtu kwa kuhisi. Nasema sikumgonga yule mzee, basi. Toka jana mnaniuliza nilimgonga kwa nini, nilikuwa na hasira gani, nilikunywa nini. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kigari changu kinaendaje."

Inspekta aliinua macho.

"Kinaendaje?"

"Nenda ukakiendeshe. Nikikwambia mimi, utasema najitetea."

*

Inspekta alivaa glavu, akakata utepe, akakaa nyuma ya usukani. Konstebo alijibana upande wa pili, akafunga mkanda wake kwa taabu kwa sababu ya tumbo. Inspekta aliwasha. Injini ilinguruma bila kusita. Aliweka gia, akakanyaga mafuta, kigari kikatoka kwenye uwanja wa kituo na kushika njia ya vumbi iliyopita nyuma ya stoo za nafaka.

Alikanyaga zaidi. Injini ililia. Kigari kiliendelea na mwendo uleule, mwendo wa mtu aliyechelewa kazini lakini hataki kukimbia. Alikanyaga mpaka kanyagio likagusa chini. Kelele ziliongezeka, mwendo ukabaki palepale. Mbuzi aliyekuwa njiani aliwatazama wakija, akamaliza kutafuna, ndipo akasogea.

"Kimekufa?" Konstebo aliuliza.

"Hakijafa. Kimegoma."

Kwenye dashibodi taa nyekundu ilikuwa inawakawaka, mchoro mdogo wa mtu aliyekatwa na mstari kifuani. Inspekta alisimamisha kigari, akashika mkanda wake wa kiti, akautia kwenye klipu. Haukushika. Alijaribu tena kwa nguvu. Klipu ya upande wa dereva ilikuwa imepasuka, na ufa wake ulikuwa umejaa uchafu wa siku nyingi, mafuta, vumbi na maziwa yaliyokauka.

"Shuka, tubadilishane," alisema.

Konstebo aliendesha, Inspekta akiwa amelala nusu nusu chini ya kiti na tochi mdomoni. Alifuata waya unaotoka kwenye klipu mpaka unapoingia chini ya dashibodi. Tepu ya kiwandani ilikuwa bado imeuzunguka, imefunikwa na vumbi gumu kama ngozi. Hakuna mkono uliogusa pale tangu kigari kitoke dukani. Hakuna aliyeuunga wala kuukata, si juzi wala jana.

Waliporudi, Bi Mbishi alikuwa ameletwa uani kunyoosha miguu, askari mmoja pembeni yake.

"Klipu ilivunjika lini?" Inspekta alimuuliza.

"Kabla ya mvua. Dumu la maziwa liliiangukia. Hivi vigari vimetengenezwa hivyo. Dereva asipofunga mkanda, vinakutembeza tu, havikubali kukimbia. Nikaenda kwa muuzaji, akasema klipu haimo kwenye dhamana, niagize, nisubiri. Nikasubiri mpaka leo. Fundi mmoja akaniambia ataunganisha waya nikidanganye kigari. Nikamwambia sidanganyi gari langu. Nilinunua kitu kizima, wanipe kitu kizima. Mpaka watakaponiletea, natembea."

"Kwa nini hukusema haya jana?"

"Nimeshakwambia. Hamkuuliza. Na nikisema neno, shemeji yangu anakuwa na jibu kabla sijalimaliza. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja humu mwenye masikio."

Inspekta alikuwa ameirudia ile kona kichwani mwake: tairi zilizoburuza udongo kona nzima, zikachimba ukingo. Mzee alirushwa juu ya mtaro, akavuka uzio wa waya, akaangukia upande wa pili kabla ya kujikokota kwa mikono, chini ya waya, hadi mtaroni. Daktari alisema mifupa yote miwili ya mapaja ilivunjika kwa pigo moja. Kigari kinachopishwa na mbuzi kwa hiari yake hakiwezi kufanya hayo.

"Alama za tairi ni za kigari kama hiki," alimwambia Konstebo wakielekea kwenye gari la kazi. "Lakini si hiki."

"Afande, kingine hakipo."

"Kipo. Twende tukakinunue."

*

Duka la muuzaji lilikuwa kando ya barabara kuu, lina kioo kutoka chini hadi juu na bendera za kampuni yake zikipepea mlangoni. Mwenyewe alitoka mbio akinukia manukato, kiganja kimetangulia kwa kusalimia. Alipoona sare, kiganja kilipunguza mwendo.

"Karibuni, karibuni. Dada yangu, nikusaidie nini?"

"Nataka kigari cha porini."

"Ah!" Tabasamu likarudi. "Umekuja penyewe. Hiki hapa."

Kilikuwa katikati ya sakafu ya vigae, chekundu, kinang'aa kama kucha iliyopakwa rangi. Hata tairi zilikuwa zimepakwa kitu cha kuzifanya zimetamete. Tairi zenye kashata zilezile.

"Umeshauza vingapi?"

"Kusema kweli, kimoja tu, cha yule mama. Nimesikia yaliyompata. Inasikitisha sana. Niliwahi kumwonya kwamba gari hili ni la watu makini."

"Na hiki?"

"Hiki cha maonyesho. Hakijawahi kutoka getini tangu kishushwe. Kipya kabisa, dada, ukikikalia unasikia harufu ya kiwandani."

Inspekta alizunguka kigari mara moja, polepole, mikono nyuma. Digadi ya mbele kulia, ile kinga ya matope juu ya tairi, ilikuwa nyeusi ya kukolea, nyingine tatu zimefifia kidogo kwa jua lililopita kwenye kioo. Aliokota boksi tupu lililokuwa pembeni, akalikunjua, akalitandika sakafuni, akalala chali na kujisukuma chini ya kigari.

"Dada, utajichafua!"

"Kwa nini nijichafue? Si kipya?"

Juu kulikuwa na harusi, chini kulikuwa na shamba. Aliyekiosha alikuwa na haraka, alipiga maji pembeni akasahau tumbo. Bamba la chuma linalokinga injini lilikuwa limejaa udongo mwekundu, nyasi na samadi. Inspekta alipitisha tochi kwenye vyuma vya magurudumu ya mbele, kimoja kimoja. Kwenye springi ya kulia, ndani kabisa, kati ya duara na duara, kitu kilikuwa kimenaswa na kubanwa kama ulimi.

Kilikuwa cha manjano.

Sauti yake ikatoka hapo chini, tulivu.

"Konstebo. Kamera, glavu, bahasha. Piga picha kwanza, usiguse. Halafu simama mlangoni." Akaita: "Bwana Muuzaji."

"Naam?"

"Rudia tena. Hakijawahi kutoka getini?"

Inspekta alipojitoa chini ya kigari na kukaa kitako juu ya boksi, alimkuta muuzaji ameegemea meza yake, jasho limeshinda manukato.

"Huyu aliyekufa alikuwa na mke," Inspekta alisema. "Alilifua koti la mumewe mchana, jioni likachanika, na kipande chake kipo ndani ya springi yako. Mpaka sasa anayejulikana kuwa na kigari hiki ni wewe peke yako. Nikuandike wewe?"

"Si mimi! Wallahi si mimi, dada. Mimi nilimpa tu akakijaribu."

"Nani?"

Muuzaji alitazama mlangoni, akamwona Konstebo alivyouziba.

"Mwenyekiti. Alisema chama kitanunua vigari kama hivi, wanachama wote wavitumie, yule mama asijione yeye tu. Akasema lakini kwanza lazima akijaribu mlimani mwenyewe. Nikamfundisha hapahapa, namna ya kuwasha, mkanda, gia. Akaondoka nacho mchana. Alikirudisha giza limeshaingia, digadi imevunjika. Akaniambia amegonga mbwa. Akasema kioshe, badilisha hiyo digadi, na biashara yetu iko palepale."

"Ukaamini ni mbwa?"

"Jana niliposikia habari za mlinzi, nili..." Alitazama tena mlangoni. "Nilitaka kuja kuwaambia."

"Ulikuwa unakuja kwa miguu, ndiyo maana hujafika. Digadi ya zamani iko wapi?"

Ilikuwa stoo, nyuma ya maboksi. Konstebo aliifungasha. Wakati muuzaji anaandika maelezo yake, simu ya Inspekta ililia.

"Uko wapi?" alikuwa Mkuu.

"Kazini."

"Kazi yako iko hapa. Mwenyekiti yuko ofisini kwangu. Familia yao inataka kumaliza jambo hili kwa utulivu. Mama atakiri kwamba ilikuwa ajali, shamba na kigari vitasimamiwa na ukoo ili familia ya marehemu ifutwe machozi, na sote tutapumua. Rudi, na huko uliko usiguse kitu."

"Nimeshagusa, Mkuu," alisema, akakata simu.

*

Ofisi ya Mkuu ilikuwa na mazulia na seti ya vikombe vya wageni. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kochi, mtu wa shingo nene na saa kubwa, chai mbele yake. Bi Mbishi alikuwa amesimama katikati ya zulia na viatu vyake vya samadi. Mezani kulikuwa na karatasi na kalamu.

"Shemeji, mimi nakusaidia," Mwenyekiti alikuwa akisema kwa sauti ya kubembeleza. "Ajali ni ajali. Weka sahihi, kesho uko nyumbani."

"Nyumbani gani, ukishachukua shamba?"

"Ukikataa, ni jela."

"Basi jela wataniuliza nimefanya nini, na nitawaambia sijafanya kitu. Huko angalau nitakuwa mkweli. Funika kalamu yako, wino unakauka."

Inspekta aliingia bila kubisha, Konstebo nyuma yake. Mkuu alikunja uso, lakini mbele ya mgeni alijizuia.

"Inspekta. Tulikuwa tunamalizia."

"Samahani, Mkuu. Nina jambo dogo tu la kuweka sawa kwenye maelezo ya shahidi." Alimgeukia Mwenyekiti. "Mzee, ulisema ulimwona akishuka kwa kasi."

"Kama mshale. Nimeshasema."

"Wewe mwenyewe umewahi kuendesha kigari cha namna hii?"

"Mimi?" Mwenyekiti alicheka, akamtazama Mkuu ili wacheke pamoja. "Mimi nina lori na gari langu. Michezo ya watoto sina muda nayo. Sijawahi hata kukikalia."

"Nilitaka kuhakikisha tu, kwa sababu nimekiendesha leo. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Hakikimbii. Kinatembea."

"Haiwezekani."

"Konstebo alikuwepo."

"Mbuzi alitushinda, Mzee," Konstebo alisema.

Mwenyekiti aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa na jibu kabla ya swali kuisha, na jibu lilimtoka.

"Basi hukufunga mkanda! Vile bila dereva kufunga mkanda havichangamki. Funga mkanda uone kitakavyo..."

Mkono wake ukarudi kwenye kikombe. Nje, kwenye korido, askari mmoja alikuwa akipiga miluzi, naye akapita.

"Nani kakwambia hivyo?" Inspekta aliuliza.

"Watu wanajua."

"Mimi nimejua leo. Konstebo kajua leo. Mkuu, wewe ulikuwa unajua?"

Mkuu alitazama meza. Alitafuta pa kupitia, hakupaona.

"Hapana," alisema.

"Mama, uliwahi kumwambia?"

"Tangu nikinunue," Bi Mbishi alisema, "huyu mtu hajanisalimia."

Inspekta aliweka mezani, juu ya ile karatasi ya kukiri, picha moja na bahasha mbili. Alieleza bila kuinua sauti: kipande cha koti kilichonaswa kwenye springi, koti lenyewe lenye pengo la kipande hicho, digadi iliyovunjika, na maelezo ya muuzaji yenye sahihi yake. Uso wa Mwenyekiti ulikuwa umeanza kubadilika rangi tangu alipoiona picha.

"Alinijia ghafla," alisema hatimaye, sauti ya chini. "Nilikuwa nashuka, akatoka kibandani kwake pale kwenye kona akakimbilia getini, anapunga mkono, anacheka. Anacheka! Kama ananijua. Ningefanyaje?"

Bi Mbishi alitoa sauti kama ya mtu aliyepigwa tumboni.

"Alisikia mlio," alisema. "Alidhani ni mimi."

"Na ulipomwona amelala, ulifanya nini?" Inspekta alimuuliza Mwenyekiti.

Mwenyekiti alitazama chai yake.

"Alikuwa hai. Alikuwa hai mpaka leo asubuhi. Ulikuwa na gari lenye bodi ya kubebea mizigo. Ukaenda kutafuta wa kumbambikia."

"Inspekta," Mkuu alinyanyuka, akaja karibu, akashusha sauti. "Twende taratibu. Unamjua huyu ni nani. Fikiria kazi yako. Huyu ni Mwenyekiti."

"Na yule alikuwa mlinzi," Inspekta alisema, hakushusha yake. "Nimefikiria njia nzima, Mkuu. Ukitaka kuniandikia barua ya kunihamisha, andika leo hii, nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini huyu anaingia ndani, na jina litakaloandikwa kwenye jalada kama mkamataji ni langu. Wewe huna haja hata ya kugusa kalamu."

Akatoa pingu. Mwenyekiti alimgeukia Bi Mbishi, macho yamemtoka.

"Shemeji, sema neno. Sisi ni ndugu."

"Tuwe ndugu sasa?" Bi Mbishi alisema. "Nyoosha mikono, shemeji. Usimchoshe dada wa watu."

Konstebo alimtoa. Mkuu alibaki amesimama kando ya vikombe vyake, kisha akakumbuka ana simu ya kupiga chumba kingine.

Bi Mbishi alikuwa bado katikati ya zulia. Sasa ndipo alipokaa, kwenye kochi lilelile, akafuta macho kwa upindo wa khanga, harakaharaka, kama anayefuta meza.

"Uko huru, dada," Inspekta alimwambia. "Nitaomba mtu akupeleke nyumbani."

"Yule mzee marehemu atapelekwaje kwake?"

Inspekta hakulitegemea swali hilo. "Hospitali ina gari. Litafika chini ya kilima."

"Na nyumba yake iko juu. Halafu wambebe begani kwenye utelezi ule, na mkewe nyuma?" Alisimama. "Nipe ufunguo wa kigari changu."

"Ufunguo ni wako. Lakini nikwambie ukweli. Habari hazijafika mtaani. Watu wote wanaamini wewe na kigari hicho ndio mliomuua. Ukionekana umembeba..."

"Nitamuuliza mkewe kwanza. Akikataa, narudi nyumbani. Akikubali, namkalisha pembeni yangu, mzee nyuma, na napita katikati ya soko walikonikamatia. Sizunguki."

"Watasema, dada."

Bi Mbishi alinyoosha kiganja kupokea ufunguo.

"Waseme nikipita."